Siku 134 Hadi Kazeh

Kitabu tulichopewa kwa kozi ya kwanza ya kalkulasi kina kurasa zaidi ya mia tisa na hakina mtu hai hata mmoja. Marehemu wamo: Newton, Leibniz, Rolle, Lagrange, kila mmoja amebandikwa kwenye kanuni yake kama jina la mtaa. Wahusika wenyewe ni ngazi, tangi na meli. Ngazi imeegemea ukuta na inateleza. Hakuna anayeuliza kama kulikuwa na mtu juu yake. Tangi la umbo la koni limetoboka, na badala ya kuulizwa nani akazibe tundu, mwanafunzi anaulizwa maji yanashuka kwa kasi gani kina kikibaki mita mbili. Meli mbili zinang'oa nanga saa sita mchana, moja mashariki na nyingine kaskazini, na toleo baada ya toleo hazijafika popote.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika sekondari moja hapa Tabora. Kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha watoto kuhakiki: nani anasimulia, anamsimulia nani, amenyamazia nini. Nilipojiandikisha kusoma kozi hiyo moja kwa masafa, nilikisoma kitabu kwa tabia hiyo hiyo, usiku, penseli mkononi, taa ya sola pembeni kwa zile siku ambazo umeme una mambo yake. Ninayoyaandika hapa ni uhakiki wa kitabu hicho, pamoja na vitabu vya misafara vilivyokuwa mezani kwangu wakati ule kwa ajili ya somo la Historia. Sikupanga kuvisoma pamoja. Vilikutana tu, kwa kuwa meza ni moja.

Sababu ya kujiandikisha ilikuwa aibu. Nilipoingia chuo kikuu mara ya kwanza, miaka ishirini na kitu iliyopita, niliingia kusoma sayansi. Tulijaa ukumbini hadi kwenye vidato. Mhadhiri aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena. Katika jaribio la kwanza nilipata 11 kati ya 100, na msaidizi aliyeturudishia karatasi akaniambia kwa upole, na ni ule upole uliouma, kwamba naonekana ni mtu wa maneno, kwa nini nisijaribu fasihi? Nikajaribu. Fasihi siijutii. Lakini tangu nianze kufundisha nimekuwa nikiusimulia mkasa huo darasani kama kichekesho: hisabati ilinishinda, na bado nakula ugali kama wengine. Wanafunzi hucheka. Mwaka mmoja binti wa kidato cha nne, aliyekuwa akiongoza hisabati shule nzima, alikuja ofisini.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeamua kidato cha tano nisome HKL."

Nikamwuliza kwa nini aache namba, yeye ambaye hata walimu wa somo humwita ubaoni awasaidie.

"Si madam mwenyewe ulisema? Hisabati ilikushinda na maisha yako mazuri tu."

Nilimjibu jambo la kijinga kuhusu kila mtu na kipaji chake. Wiki iliyofuata nikajaza fomu za kozi.

Sasa kitabu. Watu wengi wangetegemea nianze kulalamikia Kiingereza chake, na lugha nitaijia, ila kosa lake kubwa ni la usimulizi. Kinatoa jibu kabla ya tatizo. Sura inayohusika inafunguka kwa kisanduku cha bluu, ndani yake kuna fasili ya kikomo yenye epsiloni na delta, kisha mfano, kisha mazoezi arobaini. Ni kama tamthilia inayoanza na hukumu, halafu ndiyo tuambiwe nani aliuawa. Mwanafunzi anapewa dawa, tena chungu, ya ugonjwa ambao hajawahi kuugua. Haishangazi akiitema.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Chukua bodaboda pale mbele ya stesheni ya reli. Abiria amekaa, dereva anaondoka, na tuseme kwa sekunde chache za mwanzo umbali wake kwa mita ni muda kwa sekunde, ukizidishwa kwa wenyewe. Baada ya sekunde 3 yuko mita 9 kutoka alipoanzia. Swali: sekunde ile ya 3, wakati ule ule, anakwenda kwa kasi gani? Mtu wa kawaida atasema gawanya umbali kwa muda. Lakini katika nukta moja ya wakati hakuna umbali uliokwendwa na hakuna muda uliopita. Ni sifuri gawanya kwa sifuri. Piga picha ya bodaboda ile: imesimama, kama vitu vyote vilivyo katika picha. Na bado ikikugonga wakati huo huo, utajua kama ilikuwa na kasi.

Kwa hiyo unadanganya kidogo. Unampa muda mfupi baada ya sekunde ya 3. Kutoka 3 hadi 3.1 anakwenda mita 0.61, yaani kwa wastani mita 6.1 kwa sekunde. Kutoka 3 hadi 3.01, wastani ni 6.01. Kutoka 3 hadi 3.001, ni 6.001. Mtoto wa darasa la saba ataona namba hizi zinakwenda wapi. Ukiuita huo muda mfupi h, hesabu inatoa 6 + h, baada ya kugawa kwa h. Kisha unasema: h ni ndogo sana, tuiache. Inabaki 6.

Niliposoma hapo mara ya pili maishani, nilihisi kitu ambacho mara ya kwanza nilikiita ujinga wangu. Umegawa kwa h, kwa hiyo h si sifuri, maana kugawa kwa sifuri ni mwiko tangu shule ya msingi. Halafu katika mstari unaofuata umeifanya sifuri. Je, ipo au haipo? Mara ya kwanza nilinyamaza nikidhani wenzangu wote wanaelewa. Safari hii nilitafuta, nikagundua kuwa aliyeuliza swali langu alikuwa askofu. George Berkeley, Mwairishi, mwaka 1734 alichapisha kijitabu kiitwacho *The Analyst*, akawashambulia wafuasi wa Newton kwa hoja hiyo hiyo: mnachukua kitu mnakipa uhai ili mgawie, kisha mnakiua mkishapata mnachotaka, halafu mnatucheka sisi tunaoamini mafumbo ya dini. Kama kuna mhakiki wa kwanza wa kalkulasi, ni huyo. Aliisoma hesabu kama maandishi, akauliza neno moja linabeba maana ngapi katika sentensi moja. Na hakujibiwa ipasavyo kwa muda mrefu. Cauchy, Mfaransa, aliandika kuhusu vikomo mwaka 1821. Umbo lililomo katika kile kisanduku cha bluu tunalihusisha zaidi na Karl Weierstrass, aliyekuwa akifundisha Berlin tangu 1856. Fikiri basi: zaidi ya karne moja ya watu wenye akili kuhangaika, na kitabu chetu kimeifungia ndani ya kisanduku bila kutaja kwamba kuna aliyewahi kuhangaika. Msichana wa miaka kumi na tisa anayekwama hapo anaamini amekwama peke yake.

Kisanduku chenyewe, ukikifungua, kina mazungumzo ndani. Epsiloni na delta ni watu wawili wanaobishana bei. Wa kwanza anasema: sitaki jibu lako litofautiane na 6 kwa zaidi ya hiki. Wa pili anajibu: sawa, basi usitoke kwenye sekunde ya 3 kwa zaidi ya hiki hapa. Wa kwanza anabana zaidi, wa pili naye anabana. Kama wa pili ana jibu kila mara, hata abanwe vipi, wa kwanza hana budi kukubali kwamba ni 6. Hakuna anayefanya h kuwa sifuri. Hakuna anayefika. Na zamu ni muhimu: anayedai huanza, anayejibu hufuata, kama ilivyokuwa kwa mtemi wa Ugogo na msafara uliotaka kupita nchini kwake. Hongo inatajwa, vitambaa vinatolewa, hongo inatajwa tena. Ukigeuza zamu umevuruga kila kitu, na kwa hakika nusu ya makosa yangu katika zoezi la kwanza yalikuwa ya kugeuza zamu.

Kuna kitabu kingine, cha zamani, ambacho kilinisaidia zaidi ya hiki kinene: *Calculus Made Easy* cha Silvanus Thompson, mhandisi na mwanafizikia wa Kiingereza, kilichotoka mwaka 1910 bila jina lake juu ya jalada. Thompson anamsimulia mtu. Anaanza kwa kumwondolea msomaji hofu, anawatania maprofesa wanaopenda kutisha, na anapotaka kueleza udogo wa vitu anatumia dakika: dakika ndani ya saa ni kitu, ndani ya siku yenye dakika 1,440 ni kidogo, ndani ya wiki yenye dakika 10,080 ni ya kusahau. Ni nathari nzuri. Ila lazima niseme kwamba anakupa raha kwa kuliruka shimo. Anakitupa kipande kidogo mno na kusonga mbele, na Berkeley akifufuka atamwuliza lile lile. Kwa hiyo nilijikuta nampenda Thompson kama msimulizi na kumwamini Weierstrass kama shahidi. Kitabu chenye vyote viwili sijakiona bado, kwa lugha yoyote.

Na lugha, basi. Mtoto wa Kitanzania katika shule za serikali hujifunza kujumlisha na kugawanya kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha anavuka kwenda sekondari na namba zinabadilika sauti. Tunaambiwa Kiswahili hakina maneno. Sina subira na hoja hiyo katika mji ambao Julius Nyerere alisoma na baadaye kufundisha, mtu aliyemfanya Brutus azungumze Kiswahili katika *Julius Caesar* aliyoitafsiri mwaka 1963. Maneno yapo, kazi ni kuyapima. Chukua *kikomo*. Ndilo neno tunalotumia, nami nimelitumia hapo juu, na linapotosha. Kikomo cha safari ni mahali unapofika na kutua mzigo. Lakini 6 ya bodaboda yetu haifikiwi na wastani wowote katika ule mfuatano, inakaribiwa tu. Neno zuri zaidi tunalo mdomoni kila siku: *kuelekea*. Mwalimu wa vipindi vya Jumamosi, aliyekuwa akitufundisha kwa Kiingereza mbele ya kipaza sauti na kwa Kiswahili akikizima, alikuwa akisema h inaelekea sifuri, na darasa zima likatikisa kichwa. *Inaelekea* ina sifa ya ziada: ni neno tunalotumia pia kwa jambo ambalo hatuna hakika nalo lakini dalili zote zinalionyesha. Inaelekea mvua itanyesha. Inaelekea kasi ni 6.

Kwa ile kasi ya papo hapo, kitu ambacho kozi nzima inakitafuta, Kiingereza kinatumia jina lile lile kinalotumia kwa neno lililozaliwa kutoka neno jingine. Sisi walimu wa Kiswahili tunaita hiyo mnyambuliko: pika, pikia, pikisha, pikiwa. Nikaanza kuandika *mnyambuliko* pembeni ya kurasa. Sijui kama wanahisabati watalikubali. Kwangu lilifanya kazi kwa sababu lilinikumbusha kwamba fanksheni na mnyambuliko wake ni ndugu. Umbali umezaa kasi, kasi imezaa mchapuko, na kila mmoja anabeba sura ya mzazi wake kwa namna usiyoitarajia.

Ndipo Burton alipoingia. Kwa somo la Historia nilikuwa naandaa kipindi cha njia ya misafara, na nilikuwa na *The Lake Regions of Central Africa*, kitabu cha Richard Burton cha mwaka 1860. Burton na Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, jina aliloyaandikia makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Mwenyewe anahesabu kuwa ilikuwa siku ya 134, na kwamba walikuwa wamekwenda maili zisizopungua 600. Hiyo ni kama kilomita 965. Mkono ulikwisha zoea, nikagawanya. Kilomita 7.2 kwa siku. Gawanya tena kwa saa 24: kilomita 0.3 kwa saa.

Nilicheka peke yangu. Hakuna mtu anayetembea kilomita 0.3 kwa saa. Kinyonga labda. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba kilo thelathini begani aliamka alfajiri, akafuata bendera ya kirangozi, akatembea saa nne au tano na kutua mzigo kabla jua halijakaa utosini. Alipokuwa akienda, alikuwa akienda. Alipokuwa amelala, au amezuiwa Ugogo wakati hongo ikijadiliwa, kasi yake ilikuwa sifuri. Na kulikuwa na siku za kinyume: pale ambapo maji yako mbali, kama katika pori la Mgunda Mkali, upande wa Manyoni na Itigi wa leo, msafara ulijaza vibuyu na kuondoka mchana, ukasukuma hadi usiku, ukalala bila maji na kuamka tena mapema. Mwendo huo uliitwa terekeza. Burton na Stanley wote wameliandika neno hilo, kila mmoja kwa tahajia yake. Watu walikwenda mbio zaidi mahali ambapo hali ilikuwa mbaya zaidi. Chora grafu ya safari ile na utaona mistari iliyolala kwa majuma na mipando mikali ya siku mbili. Wastani wa 0.3 ni mstari ulionyooka kutoka Kaole hadi Kazeh, unaokatiza juu ya maisha ya watu wote wale bila kumgusa mmoja.

Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari langu, na niliridhika nayo kama hitimisho la kihakiki: wastani ni uongo wa msimulizi aliye mbali. Stanley anauendeleza kwa namna yake. *How I Found Livingstone*, cha mwaka 1872, kina majedwali ya vituo na saa za mwendo, na unahisi anashindana na waliomtangulia kama mtu anayeshindana na basi lililopita. Burton, aliyekuwa mara nyingi juu ya punda, huona zaidi, lakini huona kwa jumla: Mnyamwezi hufanya hivi, mpagazi huwa vile. Hata kitenzi chake kimewekwa kwenye wastani.

Wiki mbili baadaye tukafika kwenye kanuni ya thamani ya wastani, na hitimisho langu likaanguka.

Kanuni inasema hivi, kwa maneno yangu. Kama umekwenda kutoka mahali hadi mahali bila kuruka popote, na mwendo wako una kasi kila wakati, basi upo angalau wakati mmoja njiani ambapo kasi yako ya papo hapo ilikuwa sawasawa na wastani wa safari nzima. Lazima uwepo. Kitabu kinaithibitisha kwa nusu ukurasa, kwa msaada wa Rolle, na kupita kwenda kwenye mazoezi. Mimi sikupita. Kama ni hivyo, basi kati ya Kaole na Kazeh kulikuwa na wakati ambapo mpagazi alikwenda kilomita 0.3 kwa saa kamili. Lini? Nilikuwa nimeapa kwamba hakuna.

Jibu nililipata stesheni, nikimsubiri shangazi aliyekuwa akitoka Kigoma. Reli hii ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaumaliza msafara wa miguu; lakini mizigo bado inapandishwa na mabega. Kuli mmoja alichuchumaa chini ya gunia la mchele. Wenzake wawili wakalinyanyua, yeye akaingia chini yake, akatulia. Akanyoosha magoti. Kisha hatua ya kwanza, ambayo si hatua bado, ni mwili unaokubali tu: wayo umeondoka ardhini kidogo, gunia limesogea mbele kabla ya mtu. Sekunde mbili baadaye alikuwa akitembea kama mimi na wewe. Lakini kutoka kasi ya sifuri hadi kasi ya kutembea huwezi kuruka; unapita kasi zote zilizo katikati, na 0.3 ni mojawapo. Ni sentimita nane na kidogo kwa sekunde. Ndiyo kasi ya mtu anayeanza kuondoka na mzigo, na ndiyo kasi yake tena pale anaposimama ili autue. Kila asubuhi ya safari, angalau mara moja, na kila kituo, angalau mara moja, kila mpagazi wa Burton alipita katika wastani wa Burton.

Kwa hiyo namba ile haikuwa uongo. Ilikuwa ikionyesha kitu kwa usahihi wa ajabu, kitu ambacho mwenye namba hakukiandika. Nilirudi kwenye vitabu vyote kutafuta wakati huo, pumzi ile kabla ya hatua. Burton anayo makelele ya alfajiri, watu kugombania mizigo myepesi, ngoma ya kirangozi. Kunyanyua kwenyewe ni jambo linalotokea nje ya jicho lake. Stanley ana saa ya kuondoka na saa ya kufika.

Tippu Tip je? Hamed bin Muhammed el Murjebi aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha kwa herufi za Kilatini mjini Berlin mwaka 1902 na 1903. Baba yake aliishi hapa Unyanyembe na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Huyu si mgeni anayepita. Na nathari yake ni tamu, ya mtu anayezungumza barazani. Lakini angalia sarufi yake. Inakwenda kwa *-ka-*. Wakatoka, wakafika, wakapigana, wakauza. *-ka-* ni kiambishi cha vituo: kinakuweka hapa, kisha pale, na njia iliyo katikati imemezwa. Anapofika kwenye pembe, frasila kwa frasila, na kwenye maneno ya mtu aliyemdanganya au kudanganywa, anatulia na kukaa. Kwa mwendo hatulii. Kalkulasi ingehitaji kiambishi kingine, *-ki-*: nilimwona akinyanyua. Hicho hakigawi tendo kwa mwanzo na mwisho, kinalishika likiwa katikati. Ni *-ki-* ambayo Tippu Tip hana haja nayo anapowataja wabebaji, kwa sababu kwake wao ni idadi ya mizigo. Na hapa siwezi kupita kimya: katika vitabu hivi wapo waliobeba kwa ujira wa vitambaa, wenye fahari ya kazi yao, na mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima mwaka 2006 kutukumbusha hao, na wapo walioifuata njia hii hii, mara nyingi kuelekea pwani, wakiwa wamefungwa. Kasi ya mtu anayenyanyuka na mzigo ni ile ile kwa wote wawili. Hesabu haiwezi kuwatenganisha. Hilo ni pengo la hesabu, na ni haki kuliandika katika uhakiki wake.

Nilikwenda Kwihara mwezi ule, kwenye tembe ambalo Livingstone alikaa. Stanley aliagana naye katikati ya Machi 1872, na yeye akabaki akisubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Miezi mitano ya mnyambuliko sifuri. Katika kozi tunafundishwa kutafuta mahali kama hapo, maana huenda ni kilele, huenda ni bonde, au huenda si chochote, njia imelala tu kidogo kabla ya kuendelea kupanda. Nilikaa kwenye kibaraza nikila karanga. Miembe ilikuwa imetulia. Nilifikiria kuwaleta wanafunzi pale na tangi la koni, nikaona ni ujinga. Kubadilisha matofaa kuwa maembe na ngazi kuwa tembe si kukifanya kitabu kiwe chetu. Waandishi wetu wa kiada hufanya hivyo mara nyingi na tatizo hubaki lile lile, jibu likitangulia swali, ila sasa jibu limevaa kanga.

Karatasi ya jaribio la pili ilirudi na alama 58. Niliibandika ndani ya kabati la ofisini ambako mimi tu naiona. Yule binti alikwisha kwenda kidato cha tano, EGM. Sidai ni kwa ajili yangu, baba yake naye alikuwa na maoni yake. Likizo ya Desemba alipita kunisalimia, nikamfungulia kabati.

Alisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, bila kucheka.

"Madam, hapa namba nne."

"Nimepata zote hapo."

"Umepata, ndiyo. Lakini umegawa kwa h, halafu mstari unaofuata ukaandika h ni sifuri. Hukuandika kwamba inaelekea." Akatazama tena. "Inawezekana aliyesahihisha alikuwa amechoka."

Akavuta kiti, akachukua penseli yangu bila kuomba.